Mchongo wa kweli na mchongo wa mchongo: picha gani ya wizi uiweke Ijumaa

Ilikuwa mwezi wa nne, masika imekolea, mvua inapiga mabati ya Majengo hapa Moshi mpaka tukalazimika kuongeza sauti ya televisheni. Chumba cha nyuma cha fundi cherehani kilikuwa na watu kumi na wawili kwenye mabenchi matatu, kama kawaida yetu kila Ijumaa, na zamu ya kuchagua picha ilikuwa yangu. Nikaweka Smokin' Aces. Waigizaji niliwajua karibu wote, na jalada lilijaa bunduki na sura za watu maarufu. Dakika ya ishirini, mama anayetuuzia chai na maandazi, ambaye huwa anaangalia akiwa amesimama mlangoni na birika lake, akauliza: "Huyu naye ni nani, na anataka nini?" Nikamjibu. Dakika ya ishirini na tano akauliza tena, safari hii kuhusu mtu mwingine. Ilipotimia saa nzima hakuna aliyekuwa anauliza kitu. Fundi alisharudi kwenye cherehani yake, anashona sketi ya shule, ametupa mgongo.

Iliniuma. Watu wanatembea kwenye tope kutoka Pasua na Soweto kuja kuangalia picha, wanatoa mia mbili mbili za umeme, halafu unawapa kitu ambacho wakifika nyumbani hawawezi hata kukisimulia. Tangu usiku ule nimekuwa nikizirudia picha za namna hii, nyingine mara tatu, nikiziweka pembeni kwa pembeni, nijue hasa nini kilikosekana. Naandika ili mwenye zamu yake Ijumaa ijayo, awe Moshi au Arusha au kokote, achague vizuri kuliko nilivyochagua mimi.

Picha za mchongo nazungumzia zile ambazo watu wachache wanapanga tukio moja kubwa la hela, mpango unachorwa mbele yetu, unaingia kazini, halafu unaanza kuvuja. Ngumi zinaweza kuwepo na risasi zinaweza kuwepo, lakini utamu uko kwenye akili: nani kamzidi nani ujanja. Kiswahili chetu cha mtaani kimelipa neno hilo maana ya pili pia. Cheti cha mchongo ni cheti feki. Daktari wa mchongo, usimwachie mwanao. Basi kuna picha za mchongo, na kuna picha za mchongo za mchongo, zilizotengenezwa na mtu aliyeangalia kazi za wenzake akachukua kila kinachoonekana kwa macho.

Smokin' Aces iliingia kwenye majumba ya sinema ya Marekani Januari 2007, imeandikwa na kuongozwa na Joe Carnahan. Kuna mtu wa mazingaombwe wa Las Vegas anaitwa Buddy Israel, ameigizwa na Jeremy Piven. Alizoeana na wakubwa wa mafia hadi akajiona naye ni mkubwa, sasa amebanwa na serikali na yuko tayari kutaja majina. Amejichimbia kwenye chumba cha juu kabisa cha hoteli huko Lake Tahoe. Inatangazwa dola milioni moja kwa atakayemmaliza, na wauaji wanatoka kila kona kuifuata hiyo hela. FBI nao wanatuma watu wao wawili, Ryan Reynolds na Ray Liotta, wamtoe akiwa hai.

Ukiisikia hivyo unaitaka. Hata leo nikiisimulia naona ni picha nzuri: mtu mmoja, jengo moja, makundi yasiyojuana yanapanda kwa njia tofauti kuelekea mlango mmoja. Yanapoanza kutambulishwa hayo makundi, ndipo mambo yanapoharibika. Yupo Ben Affleck na wenzake. Wapo wanawake wawili, Alicia Keys katika picha yake ya kwanza ya sinema na Taraji P. Henson mwenye bunduki kubwa ya kulenga mbali. Wapo ndugu watatu wenye msumeno wa mnyororo, mmoja wao Chris Pine. Yupo bingwa wa kuvaa sura za watu, yupo bingwa wa kutesa. Kila mmoja anaingia na muziki wake, kisa chake kimoja cha kutisha na mbwembwe zake, kisha kamera inaruka kwa mwingine kabla hujamzoea. Mama wa chai alikuwa na haki ya kuuliza. Karibu wote wanataka kitu kimoja, milioni moja, na hakuna anayeihitaji kwa sababu yake mwenyewe. Hakuna mwenye deni, hakuna mwenye mgonjwa, hakuna anayemwogopa mtu nyumbani.

Kuna tukio moja ambalo nimeliangalia tena na tena. Muuaji amekwisha kuua, anakaa karibu na maiti, anamshika kidevu na kumchezesha mdomo kama mwanasesere, ili yule marehemu "amsamehe". Chumbani kwetu vijana walicheka, kicheko cha mshtuko. Unaona kabisa limetoka wapi: miaka ya 1990 kulikuwa na waongozaji wachache walioweza kuweka kichekesho na kifo kwenye meza moja, na watazamaji wakapenda. Lakini kwa wale waongozaji, kicheko kile kilikuwa kinakufungulia mlango wa kumjua mtu. Hapa muuaji anainuka pale alivyokaa, anaendelea na safari, na sisi hatumjui zaidi ya tulivyomjua dakika tano kabla.

Kinachonisikitisha zaidi ni kwamba Carnahan anajua kazi. Mwaka 2002 alitoa Narc, picha ya askari wawili wa Detroit, Ray Liotta huyuhuyu na Jason Patric, ngumu, baridi, ya watu wazima. Na ndani ya Smokin' Aces yenyewe kuna sehemu mbili ambapo mkono wake halisi unaonekana. Moja ni ndani ya lifti: Liotta na mtu mwingine wamesimama bega kwa bega, na kila mmoja anaanza kumshuku mwenzake kimyakimya huku namba za ghorofa zinabadilika. Nyingine ni dakika za mwisho, Reynolds yuko peke yake chumbani na uamuzi wa kufanya. Sitasema ni uamuzi gani. Nitasema tu kwamba fundi, aliyekuwa ametupa mgongo, aligeuka. Picha ilikuwa inaisha, nasi ndiyo kwanza tumempata mtu wa kumhurumia.

Fundi huyu ananunua makoti ya mtumba pale Memorial, na mengine hayauzi. Anayafumua. Nilimkuta asubuhi moja koti la suti liko mezani limelazwa kifudifudi, wembe mkononi, anakata uzi wa bega mmoja baada ya mwingine, taratibu kama anayetoa mwiba. Ndani ya bega lile mlikuwa na vitambaa vitatu, kila kimoja na uzito wake, vimeshikizwa kwa mishono mirefu ya mkono ambayo kwa nje huioni kabisa. Akaniwekea kidole pale. "Wengi wanaiga vifungo," akaniambia. "Bega hawaligusi, ndiyo maana koti likivaliwa mara mbili linalala."

Nikamwuliza kama kuiga ni vibaya. Akanitazama kama nimemtukana. Yeye ufundi wote ameupata kwa kufumua makoti ya watu.

Na hapo ndipo Reservoir Dogs, picha ya Quentin Tarantino, inapoingia, kwa sababu wapo wanaosema Tarantino naye ni mwizi tu wa picha za wenzake, hivyo Carnahan asilaumiwe. Ni kweli Tarantino alichukua. City on Fire ya Ringo Lam, picha ya Hong Kong ya mwaka 1987, ina Chow Yun-fat kama askari aliyejipenyeza kwenye genge la wezi wa vito, na waliokulia kwenye picha za Kichina wakiiangalia halafu wakaiangalia Reservoir Dogs wataona undugu mara moja. Wezi kuitana kwa majina ya rangi kulikuwepo tayari kwenye The Taking of Pelham One Two Three ya 1974. Kuruka mbele na nyuma kwenye muda wa wizi, Stanley Kubrick alishafanya mwaka 1956, na nitamrudia Kubrick kwa sababu nampenda. Tarantino mwenyewe alikuwa karani wa duka la kukodisha kanda za video huko Manhattan Beach, California. Sisi tuliokulia enzi za VHS na sauti ya Lufufu ikitafsiri juu ya picha, duka la namna ile tunalijua. Unakaa na kanda kutwa nzima, unarudisha nyuma, unapeleka mbele, mpaka unaijua picha kwa ndani. Huyo ni mtu aliyekuwa na wembe mkononi.

Picha yake ilionyeshwa kwanza kwenye tamasha la Sundance, Januari 1992, akiwa na miaka 28. Bajeti ilikuwa kama dola milioni moja na laki mbili, hela ndogo sana kwa Hollywood. Harvey Keitel aliipenda hadithi, akaingia kama mwigizaji na mtayarishaji mwenza, na milango ikaanza kufunguka. Wanaume wa suti nyeusi wamekwenda kuiba almasi, wizi umeharibika, na waliobaki wanakutana kwenye ghala tupu wakijiuliza nani kawauza. Wizi wenyewe hauonyeshwi hata kidogo. Unaona kabla, unaona baada.

Mwanzoni kabisa wako mgahawani wanamaliza kifungua kinywa, wanapiga soga. Kila mtu anatoa dola moja ya mhudumu, ile tunayoita hela ya soda. Mr. Pink, ameigizwa na Steve Buscemi, anagoma. Ana hoja zake, ndefu, na wenzake wanambishia kama wanavyobishana madereva kijiweni. Bosi aliyelipia chakula anarudi mezani, anahesabu, anaona imepungua, anauliza ni nani hakutoa. Mmoja wao anamtaja mwenzake palepale. Mr. Pink anatoa dola kwa shingo upande.

Mara ya kwanza unadhani ni porojo za kupoteza muda, na hivyo ndivyo walivyodhani mamia ya waandishi walioiga baadaye: weka majambazi mezani, wape mada isiyo na maana, waache waropoke. Rudia tukio lile ukishajua mwisho. Mr. Pink ndiye yule atakayekuwa wa kwanza kudai watu watulize vichwa na kufikiria kazi, kwa sababu hisia za watu wengine hazimgusi, na mezani alishatuambia. Bosi ni mtu ambaye haruhusu hata dola moja ipite bila yeye kujua imetoka kwa nani. Na yule aliyemchongea mwenzake, mwangalie vizuri sana. Hadithi yote imeshasimuliwa kwenye bili ya kifungua kinywa. Hili ndilo bega la koti. Kwenye Smokin' Aces watu wanaongea haraka kuliko hapa, wana matusi ya kutosha na misemo ya kutosha, lakini ukikata maongezi yote ya nusu saa ya kwanza na kuacha picha na bunduki tu, hukosi kitu.

Tofauti yao kwenye damu pia ni kubwa. Watu wengi ninaowafahamu wanaapa kwamba kwenye Reservoir Dogs waliona sikio likikatwa. Hawakuona. Kamera inageuka, inatazama ukuta, redio inaendelea kupiga wimbo mchangamfu wa miaka ya 1970, na sisi tunasikia tu. Siku tuliyoiweka, kijana mmoja alifunika uso kwa mikono wakati televisheni inaonyesha ukuta mtupu. Smokin' Aces inaonyesha kila kitu, misumeno na madirisha yaliyopasuka na vidole, na hakuna aliyefunika uso.

Ila niseme ukweli wa upande wa pili. Reservoir Dogs ni picha ya maongezi. Kama watu wako hawafuati Kiingereza na maandishi ya chini ni madogo, au ni nakala ya kutafsiriwa ambayo mtafsiri anaruka mistari, utawapoteza. Nilikaa mbele kabisa nikiwa natafsiri mwenyewe kwa sauti, koo likakauka. Ina matusi mazito mfululizo, ina maneno ya ubaguzi, na watoto wasiwepo chumbani hata kwa bahati mbaya. Ni dakika 99, na inataka watu wanane waliotulia kuliko umati.

Ukitaka umati, chukua Snatch. Guy Ritchie aliitoa mwaka 2000, miaka miwili baada ya Lock, Stock and Two Smoking Barrels iliyomtambulisha. Hapa ndipo ulinganisho na Smokin' Aces unapokuwa wa haki kabisa, kwa sababu zote mbili zina utitiri wa watu, majina ya ajabu, mikato ya haraka na vifo vya kuchekesha. Mtu anaweza kuziweka kapu moja. Lakini tulipoiweka Snatch, mama wa chai hakuuliza swali lake hata mara moja, na nilimsubiri aulize.

Nadhani ni kwa sababu ya almasi. Inaibwa Antwerp dakika za mwanzo, kubwa, inaonekana vizuri, na kuanzia pale kila anayeingia kwenye picha ama anaitaka, ama anaye mtu anayeitaka, ama yuko karibu nayo bila kujua. Huhitaji kukumbuka majina ishirini. Unafuata mzigo. Benicio del Toro anao, ana ugonjwa wa kamari, unajua tayari mkono wake hauko salama. Mapromota wa ngumi wa kichochoroni, Jason Statham na mwenzake, hawana habari nao, wao wana shida yao ya kumtafuta bondia mbadala kabla mzee katili wa mchezo hajawageuza chakula cha nguruwe. (Statham mwenyewe kabla ya sinema aliwahi kuuza vitu barabarani, na ukimwona anavyosimama, macho yakikagua barabara huku mdomo unaongea, utawakumbuka machinga wetu wa mjini.) Hadithi mbili zinakwenda kama mabasi mawili barabara moja, na unajua zitakutana, na unajua haitakuwa vizuri. Sitasema mzigo uliishia wapi. Nitasema tu kwamba mama aliweka birika chini akapiga kelele, kabla ya mtu yeyote chumbani: "Mtazameni mbwa! Mtazameni mbwa!"

Ile mikato ya haraka nayo ina kazi. Kuna mzee wa New York, Avi, anayeichukia London lakini mali yake iko London. Safari yake yote, teksi, ndege, kinywaji, muhuri kwenye pasipoti, inapita kwa sekunde chache, pa pa pa, tayari kafika. Unacheka, na umeshamwelewa: ni mtu wa haraka, bahari kwake ni kero ya dakika moja kati yake na hela. Wengi waliiba mkato ule baadaye wakaubandika hata kwenye mtu anayefungua friji.

Halafu kuna Brad Pitt. Ni bondia wa jamii ya wasafiri wanaoishi kwenye misafara, na anaongea Kiingereza kilichoshikana kiasi kwamba Waingereza ndani ya picha hawamwelewi. Ni kama Mrombo asikilize wazee wa Machame wanabishana: Kichaga ni Kichaga, lakini anaambulia neno mojamoja. Kwa sisi watazamaji wa Kiswahili hii ni zawadi, kwa sababu kwa mara moja hakuna aliyetuzidi. Wote chumbani, anayejua Kiingereza na asiyejua, tulikuwa sawa. Na kutoeleweka kule ndiyo silaha yake. Wanaodhani hana akili wanalipia.

Snatch ina udhaifu wake. Karibu hakuna mwanamke mwenye kazi ya maana ndani yake, na ukiiangalia mara ya tatu unaona sehemu ambazo bahati imefanya kazi ya mwandishi. Hilo ninalikubali. Lakini bado ni picha ambayo kesho yake asubuhi, kwenye daladala, mtu alikuwa anamsimulia mwenzake kwa mpangilio, na mwenzake anafuata.

Sasa Kubrick. The Killing ni ya 1956, nyeusi na nyeupe, dakika 85 tu, na kijana aliyeitengeneza alikuwa na miaka 27. Sterling Hayden ametoka jela, anapanga kuiba hela ya uwanja wa mbio za farasi, dola milioni mbili. Hatumii majambazi. Anatumia watu wa kawaida kabisa: mhudumu wa baa ambaye mkewe ni mgonjwa, askari mwenye deni, karani wa dirisha la kamari ambaye mke wake anamdharau mchana kweupe na yeye anaamini hela itamrudishia heshima nyumbani. Kila mmoja anapoingia, swali la mama limeshajibiwa kabla hajalifungua kinywani. Na kwa sababu unajua kila mtu anataka nini, unaweza kuona ufa uko wapi mapema sana, kwenye sebule ya yule karani, mkewe akiwa amelala kwenye kochi anamchimba maneno kidogo kidogo.

Sauti ya msimulizi inataja saa kama ripoti ya polisi. Tunaona siku ya mtu mmoja hadi mbio zinapoanza, halafu tunarudi nyuma kwenye siku ya mwingine hadi mbio zilezile, na sasa tunaziona kutoka upande mwingine wa uwanja. Mchezo huu wa kukatakata muda umeigwa sana, mara nyingi ili picha ionekane ya kisomi. Kwa Kubrick ni mpango wenyewe unaokaguliwa kipande kwa kipande, kama fundi saa anavyopanga gia kwenye kitambaa. Hela ikishaingia kwenye sanduku moja la safari, usiondoe macho kwenye lile sanduku.

Vijana watalalamika rangi haipo. Walalamike. Dakika kumi tu.

Kuna na Ocean's Eleven ya Steven Soderbergh, 2001, ambayo naitaja kwa kifupi kwa sababu haina utata. Ni picha iliyorudiwa kutoka ile ya 1960 ya Frank Sinatra, na iliyorudiwa imeipita ya awali kwa mbali. George Clooney na wenzake kumi, kasino tatu za Las Vegas, dola milioni 160. Damu hakuna, mwendo ni laini, kila mtu ana kazi yake moja unayoikumbuka. Haikuachi na maumivu wala mawazo, ni raha ya saa mbili kasoro. Ukiwa na wakwe sebuleni, au mama mzazi ametoka kijijini Marangu kuja kukutembelea, weka hii na utulie.

Kwa hiyo ukiwa na umati, mvua inapiga mabati na watu wanataka kucheka kwa sauti, Snatch. Ukiwa na wachache wanaopenda kubishana mpaka usiku wa manane, na mmoja wenu anaweza kutafsiri, Reservoir Dogs. Ukiwa na familia, Ocean's Eleven. Ukiwa peke yako na hujawahi kuona picha ya zamani ukaipenda, The Killing, na uzime simu. Na Smokin' Aces? Kama umeshaziona hizi zote na unataka kujua koti lenye vifungo bila bega linafananaje, iangalie, na uivumilie hadi ufike kwa Reynolds mwishoni. Kama unataka kumwona Carnahan akiwa yeye mwenyewe, tafuta Narc.

Ijumaa hii zamu imerudi kwangu. Naweka The Killing, saa mbili kamili usiku. Fundi ameahidi kufunga cherehani mapema. Mama wa chai nimemwambia asisimame mlangoni safari hii, birika tutalipokea, nimemwekea nafasi benchi la mbele.